Hwange: Mji Uliomilikiwa na Mgodi



Katika masomo yetu kuhusu nchi jirani tumezoea kuanza na zile tunazopakana nazo. Leo nakuomba uvuke mpaka mmoja zaidi. Zimbabwe haigusani na Tanzania, kwa kuwa katikati imelala Zambia, na mashariki yake iko Msumbiji. Hata hivyo, ujirani haupimwi kwa mpaka peke yake. Nchi hizi mbili zimo pamoja katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na kama utakavyoona, makaa yaliyochimbwa Zimbabwe yanahusiana kwa njia fulani hata na reli inayoanzia Dar es Salaam.

Mji ninaotaka kukusimulia unaitwa Hwange. Uko kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe, kiasi cha kilomita 100 kutoka Maporomoko ya Victoria, katika nchi yenye joto kali na miti ya mipani. Wasafiri wengi huijua Hwange kwa sababu ya hifadhi ya wanyama yenye jina hilohilo, maarufu kwa tembo. Ni wachache wanaosimama mjini, penye mashimo, tanuri na vumbi jeusi. Lakini mtu anayetaka kuelewa maana ya neno "raia" atajifunza mengi zaidi mjini kuliko mbugani.

Tuanze na maneno. Mkaa upikiao nyumbani hutokana na miti iliyochomwa. Makaa ya mawe hayatokani na moto wa mtu yeyote. Ni mabaki ya mimea iliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, ikagandamizwa na uzito wa udongo na miamba mpaka ikawa mwamba mweusi unaowaka. Na tunaposema "mji wa kampuni", hatumaanishi mji wenye kampuni nyingi. Tunamaanisha mji ambamo mwajiri mmoja ndiye mwenye kazi, mwenye nyumba, mwenye maji, mwenye umeme, mwenye hospitali na hata mwenye uwanja wa mpira. Hwange ulikuwa mji wa namna hiyo tangu siku yake ya kwanza.

Jiwe linalowaka

Kabla ya mgodi walikuwapo watu. Eneo hilo ni nchi ya Wanambya, na jina Hwange ni la watawala wao. Bado yapo magofu ya mawe waliyoyajenga, kama yale ya Bumbusi, ambayo leo yamo ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba mji ulianza porini, mahali pasipo na mwenyewe. Wenyeji waliyafahamu mawe meusi yanayowaka kabla Mzungu yeyote hajayaandika katika daftari.

Mwaka 1893 majeshi ya kampuni ya Cecil Rhodes yalimshinda Lobengula, mfalme wa Wandebele, na sehemu hiyo yote ikaangukia mikononi mwa wageni. Muda mfupi baadaye mtafuta madini aliyeitwa Albert Giese alisikia habari za mawe hayo, akaenda kuyatafuta, akaweka alama za umiliki. Mwaka 1899 iliundwa kampuni ya kuyachimba. Wageni walishindwa kulitamka jina Hwange wakaandika "Wankie", na jina hilo lililoharibika likadumu kwenye ramani kwa zaidi ya miaka 80.

Zingatia jambo moja hapa. Wakati huo nchi nzima, iliyoitwa Rhodesia ya Kusini, haikutawaliwa na serikali ya kawaida. Ilitawaliwa na kampuni ya kibiashara, British South Africa Company, hadi mwaka 1923. Mji wa kampuni ulizaliwa ndani ya nchi ya kampuni. Mfanyakazi aliyedhulumiwa na kampuni ndogo angekwenda kushtaki kwa kampuni kubwa.

Reli na shaba

Makaa hayana thamani yakibaki shimoni. Ni mazito, na bei yake kwa tani ni ndogo ikilinganishwa na dhahabu au almasi, kwa hiyo bila reli hayauziki. Rhodes aliota reli itokayo Cape Town hadi Cairo. Makaa ya Wankie yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoivuta reli hiyo upande wa magharibi, ikapita mgodini mwaka 1903, kisha ikavuka Mto Zambezi juu ya daraja la Maporomoko ya Victoria lililofunguliwa mwaka 1905. Injini za treni ziliendeshwa kwa makaa, na makaa yalibebwa na treni. Kila kimoja kilimlisha mwenzake.

Reli iliendelea kaskazini hadi Katanga, ikafika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Huko kulikuwa na shaba. Ili kuyeyusha mawe ya shaba zilihitajika tanuri kali, na tanuri zilihitaji koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka gesi zote zikatoka, yakabaki magumu na yenye joto kubwa. Koki ya Wankie ikapelekwa Katanga, na baadaye makaa yake yakatumika katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mji mdogo ukawa jiko la eneo zima.

Maisha ndani ya kampaundi

Nani alichimba? Wenyeji wengi hawakutaka kushuka shimoni kwa ujira mdogo, hasa walipoweza kuishi kwa kilimo na mifugo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa ya tatizo hilo: kodi ya kichwa na ya nyumba, iliyopaswa kulipwa kwa fedha taslimu. Asiye na fedha alilazimika kuitafuta. Wafanyakazi wakatoka mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na Msumbiji. Wengine walikuja kwa miguu kwa hiari ya shida. Wengine waliandikishwa kwa mikataba ambayo watu wa kusini waliipa jina chungu la "chibaro", kazi isiyo tofauti sana na utumwa.

Walipofika waliwekwa katika kampaundi, makazi yaliyojengwa na kampuni, yaliyolindwa na askari wa kampuni. Chakula kilikuwa mgao wa kampuni. Lugha ya amri kazini ilikuwa Chilapalapa, lugha ya migodini iliyochanganya maneno ya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans. Wewe unayejifunza Kiswahili, linganisha lugha hizo mbili. Kiswahili pia kilikua kwa kuwakutanisha watu wa makabila mengi, lakini watu hukitumia kuoa, kuomboleza, kutunga mashairi na kubishana. Chilapalapa kilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kumwezesha msimamizi kutoa amri na mfanyakazi kuielewa. Ndiyo maana leo ni wachache wanaokililia.

Wafanyakazi waliuita mgodi "Wangi Kolia". Katika jina hilo limo jina la Wanambya lililoharibiwa na Wazungu, kisha likatamkwa upya na Waafrika waliotoka nchi nyingine. Historia nzima ya mji imo ndani ya maneno hayo mawili.

Sasa fikiria hali ya mtu anayeishi hapo. Akigombana na msimamizi hapotezi kazi tu. Anapoteza na nyumba, maana nyumba ni ya kampuni. Watoto wake wanapoteza shule, na mkewe anapoteza zahanati. Neno "kufukuzwa" katika mji wa kawaida lina maana moja. Katika mji wa kampuni lina maana nne. Kwa hiyo unyenyekevu wa wafanyakazi, ambao wakubwa waliuita utulivu, mara nyingi ulikuwa hofu iliyovaa nguo safi.

Hata hivyo hofu ina kikomo. Mwezi Februari mwaka 1954 maelfu ya wachimbaji Waafrika waligoma kwa pamoja, wakidai ujira bora. Serikali ilituma askari. Mgomo ulizimwa, lakini hakuna aliyeweza tena kudai kwamba watu wa Wankie wameridhika.

Makaa yanapokuwa siasa

Mwaka 1964 Zambia ilipata uhuru. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe ili kuzuia utawala wa Waafrika walio wengi. Zambia ikajikuta katika hali ya kutisha. Shaba ilikuwa uchumi wake wote, nayo ilitegemea makaa ya Wankie, na njia yake kuu ya kwenda baharini ilikuwa reli ileile iliyopita kwa Smith. Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtegemea cha adui yake, je?

Zambia ilichukua hatua mbili. Kwanza, ilianza kuchimba makaa yake yenyewe katika bonde la Gwembe, na huko ukazaliwa mgodi wa Maamba. Pili, ilishirikiana na Tanzania na China kujenga reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokamilika mwaka 1975. Kwa hiyo ukipanda treni ya TAZARA, kumbuka kwamba miongoni mwa sababu za kujengwa kwake ni kuvunja utegemezi ambao Wankie ilikuwa sehemu yake.

Tarehe 6 Juni 1972

Sasa tufike kwenye siku ambayo watu wa Hwange huihesabu kama mwaka mpya wa huzuni.

Makaa ya mawe hubeba gesi ndani yake, hasa methani. Mchimbaji anapoyavunja, gesi hutoka. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, cheche moja inatosha kuilipua. Mlipuko huo wa kwanza hutimua vumbi la makaa lililotulia sakafuni na kutani, na vumbi nalo hulipuka, likikimbia kutoka njia moja ya chini hadi nyingine kwa kasi isiyokimbilika. Aliyenusurika na moto hukutana na monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana migodi yenye tahadhari hupitisha hewa kwa nguvu, hupima gesi mara kwa mara, na hunyunyiza unga wa mawe juu ya vumbi la makaa ili lisiwake.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Juni 1972, mgodi namba 2, uitwao Kamandama, ulilipuka. Watu 427 walikufa. Waliotoka hai walikuwa wachache mno. Waokoaji walijaribu kushuka, lakini milipuko mingine ilifuata na gesi ilijaa chini. Baada ya siku chache uamuzi ulitolewa: mgodi ufungwe. Miili karibu yote ilibaki humo. Kamandama ikageuka kaburi, na mpaka leo ndilo kaburi la wengi wao.

Walikuwamo Wazungu na Waafrika. Sheria za Rhodesia ziliwatenganisha juu ya ardhi, katika mitaa, shule na mishahara, lakini chini ya ardhi waliachwa pamoja. Walikuwamo Wazambia, Wamalawi na Watu wa Msumbiji pamoja na wenyeji. Habari ya msiba ilisafiri hadi vijiji vya mbali ambako mama alikuwa akisubiri barua na fedha kidogo. Hakukuwa na maiti ya kuosha wala ya kuzika.

Mfuko wa msaada uliundwa kwa ajili ya wajane na yatima. Lakini zingatia tena mantiki ya mji wa kampuni: nyumba ilitolewa kwa mfanyakazi, na mfanyakazi sasa alikuwa chini ya mwamba. Mjane aliomboleza akiwa chini ya paa lililotegemea kazi ya mtu asiyekuwapo tena. Kila tarehe 6 Juni kumbukumbu hufanyika mjini hapo.

Jina jipya, mwenye nyumba yuleyule

Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980. Miaka miwili baadaye mji ulirudishiwa jina lake sahihi, Hwange, na kampuni nayo ikabadilisha jina. Serikali mpya ikawa miongoni mwa wenye hisa wakubwa. Kando ya mgodi kilijengwa kituo kikubwa cha kuzalisha umeme kwa makaa. Mitambo yake sita ya kwanza, iliyokamilika katika miaka ya 1980, ilikuwa na uwezo wa megawati 920, na mwaka 2023 iliongezwa mitambo miwili yenye megawati 600. Taa nyingi zinazowaka Harare na Bulawayo zinatokana na Hwange.

Kwa nje, basi, mengi yalibadilika. Lakini mtu aliyeamka asubuhi mjini aliona nini? Nyumba bado ni ya kampuni. Maji bado yanatoka kwa kampuni. Timu ya mpira, inayopendwa kwa jina la Chipangano, bado inalipiwa na kampuni. Mfanyakazi alikuwa sasa na haki ya kupiga kura ya kumchagua rais, lakini kuhusu bomba lililopasuka mbele ya mlango wake, wa kumwendea alikuwa bado meneja wake.

Mfumo huo unaweza kuonekana mwema kampuni inapopata faida. Hospitali ina dawa, mitaa inafagiwa, mishahara inafika. Wazee wengi wa miji ya namna hii hukumbuka miaka hiyo kwa mapenzi ya kweli, na tusiwacheke. Tatizo hujitokeza faida inapokauka. Katika miaka ya 2000 uchumi wa Zimbabwe uliporomoka. Mitambo ya mgodi ilizeeka, madeni yakapanda. Tangu mwaka 2013 hivi, wafanyakazi walianza kukaa miezi mingi bila kulipwa mishahara yao kamili. Waliendelea kushuka kazini, maana kuacha kazi kulikuwa kuacha nyumba.

Hapo ndipo wanawake walipoingia katika historia. Mwanzoni mwa mwaka 2018 wake na wajane wa wafanyakazi walikwenda kuketi mbele ya ofisi za kampuni wakidai malimbikizo ya mishahara ya waume zao. Walipika hapo, walilala hapo, waliimba hapo, mvua ikinyesha na jua likichoma, kwa miezi kadhaa. Kwa nini wake, si waume? Jibu liko katika muundo wa mji wenyewe. Mume akiandamana, kampuni inaweza kumfukuza. Mke hakuandikishwa na kampuni. Hakuna barua ya kumwachisha kazi. Sauti iliyokuwa haihesabiwi katika daftari la mishahara ndiyo pekee ambayo daftari hilo halikuweza kuinyamazisha. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali iliiweka kampuni chini ya msimamizi maalumu.

Leo kampuni nyingine nyingi, baadhi zikiwa za Kichina, zinachimba makaa kuzunguka mji. Makaa yaliyoachwa chini ya ardhi huwaka polepole sehemu mbalimbali, na watoto wamewahi kuungua vibaya kwa kukanyaga ardhi iliyoonekana salama. Mgodi unaweza kuacha kulipa mishahara, lakini moto wake haujui kwamba kazi imesimama.

Somo la uraia

Msomaji wangu, sikukusimulia haya ili uwahurumie watu wa Hwange na kufunga ukurasa. Miji na makazi ya namna hii tunayo karibu nasi. Mwadui mkoani Shinyanga ilikua kuzunguka almasi tangu mwaka 1940. Magadi nchini Kenya ilikua kuzunguka magadi ya ziwani. Mashamba ya mkonge, chai na miwa yalijenga nyumba, zahanati na shule kwa mtindo huohuo. Tanzania nayo ina makaa ya mawe, Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, na mahali pa namna hiyo panaweza kuzaa miji.

Kampuni kujenga nyumba na hospitali si kosa. Swali la uraia ni hili: huduma hiyo ni haki yako au ni fadhila? Haki ina mahali pa kuidai: baraza la mji, diwani uliyemchagua, mahakama. Fadhila haina pa kudaiwa. Hutolewa mwenye nayo apendapo, hukoma apendapo. Watu wa Hwange walipewa mengi kama fadhila kwa zaidi ya karne moja, na siku fadhila ilipokoma wakagundua kwamba hawakuwa na pa kwenda ila kuketi chini, mlangoni pa mtoaji.

Nakuachia maswali matatu ya kujadili na wenzako. Mahali unapoishi, maji yako yanatoka kwa nani, na yakikatika unamwendea nani? Kama mwajiri mkubwa wa mji wako angefunga milango kesho, ni huduma zipi zingebaki? Na ni sauti ya nani, katika mji wako, isiyoandikwa katika daftari lolote?

Mwisho, rudi kwenye jina la ile timu ya mpira, Chipangano. Katika lugha za jirani zetu kama Kichewa, neno la namna hiyo humaanisha agano, mapatano baina ya pande mbili. Wachimbaji wamelitimiza upande wao wa agano kwa jasho, na siku moja ya Juni kwa roho 427. Upande wa pili bado unadaiwa.